Kiti cha Mlango wa Jikoni

Allentown, Pennsylvania
Jumapili, 19 Januari

Kaka Hesh,

Mwanao kanipigia, kasema umefika Tucson salama na umeanza kulalamikia joto. Mimi nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu wewe huna masikio na mimi sina tena pumzi ya kupiga kelele.

Huku theluji imefika kwenye ngazi za sinagogi. Alhamisi tumepika supu ya watu themanini, wapikaji tukiwa watatu, na mmoja wetu mkono uko kwenye plasta. Ukiwauliza watu wanasema, "Kamati ya Majirani ndiyo roho ya jumuiya yetu." Roho gani hiyo inayomenya karoti peke yake? Nilikubali uenyekiti kwa mwaka mmoja, sasa ni wa saba. Nimechoka, kaka. Sisemi kwa mdomo tu, nimechoka mpaka kwenye mifupa.

Anayenisaidia kweli ni Nohemi, yule mama wa Honduras tuliyempa nyumba ya marehemu Gittel, Mtaa wa Linden. Anakuja Alhamisi na binti yake Keili, anaosha, anakata, hasubiri kuambiwa. Sufuria za nyama na za maziwa, ambazo sheria yetu inazitenganisha, hazichanganyi tena. Mumewe Selvin anaezeka mapaa, theluji ikiruhusu. Amekuulizia. Kwa ishara alinionyesha mtu anayesinzia kitini, nikajua ni wewe.

Kiti chenyewe bado kilikuwa kimeegemea mlango wa jikoni. Mort Lipkin wa kamati anataka tukigongee kibao: "Hapa Hesh alilala mahubiri yote kwa miaka kumi na tisa, akanukia samaki wa chumvi." Nimekipeleka stoo, kilikuwa kinanigonga magoti. Kengele ya mlango wa jikoni naichomoa waya kila Ijumaa kabla jua halijazama, kama ulivyoniagiza, isije ikalia kwa umeme siku ya Sabato. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi, kazi zako zote zinafanyika.

Dada yako,
Perla


Tucson, Arizona
Jumapili, 26 Januari

Perla,

Joto lenyewe si la kulalamikia sana. Ninalolalamikia ni mbwa. Mwanangu ana mbwa mkubwa kuliko marehemu mama yetu, na analala kwenye kochi langu.

Kiti kirudishe mlangoni. Siku ya Sabato nani anakaa upande wa jikoni wakati wa sala?

Kula vizuri. Mkono wenye plasta ni wa nani?

Hesh


Allentown
Jumanne, 4 Februari

Kaka,

Plasta ni ya Dora. Na upande wa jikoni hakai mtu, akae kufanya nini? Watu kumi wa kutimiza sala tunawapata kwa kubembeleza. Sabato iliyopita tulikuwa tisa mpaka saa nne na nusu, tunatazamana kama abiria wa basi lililoharibika. Mlango wa mbele yuko yule askari wa kukodi, na bunduki yake kiunoni. Tangu masinagogi yaanze kushambuliwa ndiyo desturi yetu, tunasali huku tunalindwa. Sasa nikaweke na mtu wa kusinzia jikoni?

Lakini si hilo lililonifanya niandike. Nohemi ameondoka.

Jumapili asubuhi nilimpelekea Keili koti la baridi. Nikakuta ufunguo unaning'inia mlangoni. Ndani hakuna mtu. Juu ya meza kulikuwa na beseni la unga uliokandwa, umeumuka ukafurika, umemwagikia mezani mpaka sakafuni na kugandia hapo. Kabati limeachwa wazi, nguo za mtoto nusu zipo nusu hazipo. Hakuna hata kijikaratasi cha kwaheri. Nimepiga simu yake, imezimwa. Mwenye kampuni ya mapaa anasema Selvin hajaonekana, na kwamba watu hawa huhama hivyo, wakisikia kazi nzuri zaidi kwingine wanakwenda.

Nilipiga magoti nikakwangua ule unga kwa kisu. Nililia, Hesh, na sikulia kwa huruma. Nililia kwa hasira. Miezi mitatu nimemfundisha mtoto wao kuhesabu, nimempeleka mama kliniki, nimebeba godoro mgongoni na hizi nyonga zangu. Asante ya punda mateke, ndiyo hiyo sasa nimeionja.

Mort anasema kuna familia nyingine inasubiri nyumba. Tutapiga kura Jumapili, tarehe 2 Machi. Siku hiyohiyo nitawaambia natoka kwenye kamati. Usinibembeleze.

Perla


(Imeandikwa kwa Kihispania)

Jumatatu, 10 Februari

Babu Hesh,

Shikamoo. Anwani yako ni ile uliyoniandikia kwenye kipande cha boksi la keki, siku ulipoaga. Ninakuandikia wewe kwa sababu unaijua lugha yangu, na kwa sababu hujawahi kunicheka. Simu nimeitupa, naogopa wataitumia kunitafuta. Tuko kwa binamu yangu, mji wa viwanda vya kuku. Mji wenyewe siutaji.

Selvin wamemkamata watu wa uhamiaji, Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Alikuwa anawasubiri wenzake kwenye kituo cha mafuta, alfajiri. Mwenzake mmoja alikimbia akaja kuniambia. Nilikuwa nakanda unga. Nikamfunga Keili kitambaa kichwani, nikakimbilia kwenu. Nilijua ni siku yenu ya sala na mko wote ndani. Mama Perla aliniambia siku ya kwanza, "Ukipata shida, njoo, huku mlango haufungwi."

Kwenye mlango wa mbele alisimama mtu mwenye sare na bunduki. Najua ni wenu. Lakini asubuhi ile, Babu, sikuweza kumsogelea mtu mwenye sare. Nikazunguka nyuma, kwa mlango wa jikoni, kwa sababu pale ndipo nilipokuwa nakuona Jumamosi nikipita na mtoto, na ulitupa keki. Nilijua umehama. Nilidhani kiti kimepata mtu mwingine.

Nilibonyeza kengele. Nikabonyeza tena. Ndani nilikuwa nasikia mnaimba. Nilibonyeza mpaka kidole kikauma. Niliogopa kupiga mlango kwa nguvu, yule mwenye bunduki asije. Keili alisema, "Mama, wanatusikia, hawataki tu." Tulikaa pale kwenye theluji kama nusu saa, kisha binamu akaja na gari tukaenda.

Simlaumu mtu. Wiki ile nilimsikia Mama Perla jikoni akisema kwa simu, "Nimechoka na watu hawa, nimechoka." Maneno machache ya lugha yenu nayajua, na hayo nayajua. Mtu akichoka huchoka. Tafadhali usimwambie kitu. Sitaki afungue mlango kwa aibu.

Ninachoomba ni barua moja. Kesi ya Selvin itasikilizwa Alhamisi, tarehe 6 Machi. Wakili, Bi. Cordero, anayetusaidia bure, anasema hakimu anaweza kumwachia asubiri kesi nje, akiwa na nyumba ya kurudi na watu wanaomjua. Nyumba hatuna tena. Lakini wewe unamjua. Alikurekebishia paa la banda lako. Andika hilo tu.

Nohemi


Tucson
Jumatatu, 17 Februari

Perla,

Nimesoma barua yako mara tatu. Nyumba ya Gittel msiipe mtu kwanza. Ahirisheni kura. Sababu siwezi kukupa, nimeombwa nisiseme, na nimeshamjibu aliyeniomba kwamba nitajaribu kunyamaza.

Swali moja: hao uliosema umechoka nao, siku ile kwenye simu jikoni, ni nani?

Hesh


Allentown
Ijumaa, 21 Februari

Hesh,

Unanipa amri kutoka jangwani bila sababu! Mort ana familia yenye watoto wanne wanaolala kwenye chumba kimoja cha hoteli, nami nimwambie asubiri kwa sababu kaka yangu ana siri?

Na nani kakwambia habari za simu yangu? Nilikuwa naongea na Dora. Nilisema nimechoka na watu hawa, ndiyo. Nilimaanisha wanakamati wanaotuma salamu badala ya mikono yao. Ngoja, nisikudanganye, tumeshazeeka mno kudanganyana. Nilimaanisha wanakamati zaidi, lakini siku ile nilimaanisha wote. Wanaopika na wanaolishwa. Wenye njaa wasiokwisha. Nilimaanisha hata Nohemi, kidogo, kwa sababu alikuwa amesimama mbele yangu akingoja nimwonyeshe sufuria ipi, na mimi nilitaka kukaa chini.

Sasa umefurahi?

Kura ni tarehe 2. Kama una neno, liseme.

Perla


Tucson
Jumatano, 26 Februari
(kwa posta ya haraka)

Dada yangu,

Haya, nasema. Ahadi naivunja, na nitamwomba radhi niliyemwahidi.

Nohemi hakuhama. Selvin alikamatwa na watu wa uhamiaji alfajiri ya Sabato, tarehe mosi. Yeye aliacha unga mezani akakimbilia kwetu na mtoto. Alimwogopa askari wa mbele, akazunguka jikoni, akabonyeza kengele nusu saa kwenye theluji. Ile kengele uliyoichomoa. Mlikuwa mnaimba, alikuwa anawasikia. Akaondoka akiamini mmemsikia mkakataa. Na maneno yako ya kwenye simu aliyasikia pia.

Usianze kujipiga kifuani. Kosa ni langu, nisikilize.

Kuchomoa kengele nilikufundisha. Nusu ya pili sikukufundisha. Ukichomoa kengele lazima mtu akae mlangoni. Miaka kumi na tisa mmenicheka kwamba naegemea mlango nisinzie, nikwepe mahubiri. Masikio yangu yalishakufa kitambo, Perla. Nilikuwa naegemeza mgongo mlangoni kwa sababu mgongo unasikia. Mtu akigonga hata kwa kidole, mimi napata habari kwenye uti wa mgongo. Unakumbuka yule kijana wa jirani aliyepigwa na babake? Aliingilia pale. Mjane wa ghorofani aliyekatiwa joto la nyumba, pale. Wengi. Nawapa keki, namaliza shida yao au naikabidhi kwako Jumapili, na wewe hukuwahi kuuliza wametokea wapi.

Kwa nini sikusema? Kwanza, mngeunda kamati. Pili, samaki wa chumvi nilikuwa nakula kweli. Tatu, nilipenda kuwa na jambo moja ambalo ni langu peke yangu. Hicho ndicho kiburi changu, na mwanamke na mtoto wamekilipia kwenye theluji.

Kesi ni Alhamisi tarehe 6. Wakili ni Bi. Cordero, namba yake naambatanisha. Inatakiwa nyumba ya kurudi na watu wanaomjua Selvin. Wawili watatu wanatosha, anasema. Anwani ya Nohemi sikupi. Ukitaka kumwandikia, lete kwangu, nitamfasiria.

Hesh


Allentown
Jumapili, 2 Machi

Kaka,

Barua yako ililetwa jana asubuhi, Sabato, wakati natoka kwenda kusali. Niliiweka mezani. Unajua sifungui bahasha Sabato, hujawahi kuniona nikifungua. Nikaenda, nikasali, nikarudi, nikala maharage yaliyolala kwenye moto tangu Ijumaa, nikalala kidogo. Siku nzima ile bahasha ilikaa karibu na bakuli la machungwa na mimi nikaipita kama mara ishirini. Jioni nyota tatu zilipoonekana na Sabato kuisha, nikaikata kwa kisu cha mkate.

Sitasema nilivyojisikia. Wewe unajua, na kama hujui, kumbuka mama alivyonyamaza siku alipomzika baba.

Leo kwenye kura nilisimama nikasoma barua yako yote, pamoja na samaki wa chumvi. Mort Lipkin alianza kucheka mahali pa samaki, akafika mahali pa mgongo akaacha. Kisha akauliza, na ilikuwa haki yake kuuliza, "Na wale watoto wanne?" Nikasema watakuja kwangu. Nina vyumba viwili juu ambavyo napanda tu kufuta vumbi. Nilisema kabla sijafikiri. Magoti yangu yamefikiri baadaye.

Nyumba ya Gittel inabaki ya Nohemi. Kamati bado sijatoka. Nitatoka, lakini si wiki hii.

Watu wa mahakamani: wakili kaomba wawili watatu. Mimi hesabu ninayoijua ni moja tu. Nimekaa na simu tangu mchana.

Perla


Allentown
Ijumaa, 7 Machi

Mwanangu Nohemi,

Kaka yangu atakufasiria barua hii. Amevunja ahadi yake kwako, mkasirikie yeye kwa hilo tu. Mengine yote nikasirikie mimi.

Kengele ile ilikuwa imekatwa umeme. Sisi siku ya Sabato hatuwashi wala hatuzimi, ni desturi tuliyoikuta. Mimi ndiye niliyechomoa waya, Ijumaa, kwa mkono huu. Ungepiga mlango kwa kiatu tungekuja mbio, na rabi angekuwa wa kwanza, kwa sababu mtu akiwa taabani Sabato yenyewe husogea kando. Lakini hukujua, na ningepaswa kukwambia. Nilikwambia mlango haufungwi, kumbe nilikwambia maneno mazuri tu.

Na yale ya simu uliyasikia vizuri. Niliyasema. Nimezeeka na nimechoka na siku nyingine natamani wote mwende, mniache na chai yangu. Kisha hamji siku moja na mimi nasimama dirishani. Sijui nikueleze vipi kwamba yote mawili ni kweli.

Sasa habari ya jana, na si nzuri. Tulikwenda mahakamani watu kumi. Kumi ni idadi yetu, bila kumi sisi hatusali sala nzima. Dora alikuja na plasta yake. Mort Lipkin alivaa tai. Selvin hakuletwa, alionyeshwa kwenye skrini, amekonda, na alipotuona alianza kutuhesabu kwa midomo. Wakili alitaja nyumba ya Mtaa wa Linden. Mort alisimama akamwambia hakimu kwamba Selvin alitengeneza paa la jiko letu siku ya mvua na akakataa chochote isipokuwa supu. Hakimu alisikiliza vizuri. Kisha akasema hapana. Atabaki ndani mpaka tarehe nyingine, mwezi wa Mei, na siku hiyo atatazama upya.

Nilidhani ningeweza kukuandikia barua ya furaha. Sina. Nina nyumba tu, ufunguo wake ninao shingoni, na unga nimeusafisha. Mwezi wa Mei tutakwenda tena, kumi wale wale, kama Mungu hajatupunguza.

Usipotaka kurudi nitaelewa. Ukirudi siku ya Sabato, usibonyeze kengele. Piga kwa ngumi.

Mama Perla


Allentown
Jumapili, 16 Machi

Kaka Hesh,

Wale watoto wanne wako vyumba vya juu kwangu tangu Jumatatu na wanakimbia kama farasi. Mama yao ananiomba radhi kila saa. Nimemwambia aache, radhi zake zinanichosha kuliko kelele.

Kiti nimekitoa stoo. Jana nilikaa mimi. Nilikiegemeza mlangoni kama wewe, mgongo wangu ukapata baridi yote ya mwezi Machi, na ndani nikawa nasikia rabi akihubiri kwa mbali bila kuelewa neno. Mort alipita kwenda msalani akasema, "Perla, umeanza na wewe? Samaki wako wapi?" Nikamwambia wamo kwenye friji, aniachie nafasi. Hakujua kama acheke. Nilielewa kwa nini hukuwahi kuwajibu.

Nilikaa saa nzima. Hakuja mtu. Nilifikiria nyonga zangu, nikafikiria Mei, nikafikiria kwamba miaka kumi na tisa ni Sabato karibu elfu moja na wewe nyingi kati ya hizo hukugongewa na mtu, ukakaa tu. Nilikuonea huruma, kisha nikajionea mwenyewe, kisha nikasinzia. Ndiyo, nilisinzia. Usicheke.

Nilichoamshwa nacho hakikuwa sauti. Kilikuwa kwenye mgongo, hapa katikati, mara tatu.

Nikainuka nikachungulia kwenye kioo. Alikuwa amesimama na Keili mkononi, begi moja, binamu yake anasubiri garini na injini inawaka. Jicho lake lilikuwa kwenye kengele, lakini mkono haukwenda huko. Alikuwa amekunja ngumi ainue tena.

Keili akaita kutoka nje, "Hodi!"

Kaka, sikumbuki kama nilisema karibu. Nilikuwa nimeshafungua.

Perla